Mlevi Mzoefu Baina ya Bakora na Tiba: Kutoka Madina hadi Milima ya Usambara

 

Uharamu wa ulevi si jambo la kubishaniwa baina ya Waislamu, wala makala hii haikuja kuuthibitisha. Aya ya 90 na ya 91 za Suratul Maida zimelimaliza jambo hilo, na kila mtoto wa madrasa anazijua. Tunalokusudia kulitazama ni jingine, nalo halitajwi sana mimbarini. Muislamu ambaye pombe imekwisha mshika, anayeamka asubuhi mikono ikimtetemeka mpaka apate funda la kwanza, naye anataka kuacha, afanyiwe nini? Swali hili limejibiwa kwa njia nyingi katika nchi nyingi. Baadhi ya majibu ni ya wanazuoni wetu na tumeyasahau. Mengine ni ya watu wengine, na moja kati ya hayo limefanyiwa kazi kwa zaidi ya miaka mia moja katika milima yetu hii hii.

Sisi wa Sigi, chini ya msitu wa Amani, hatuwezi kusema kuwa jambo hili liko mbali nasi. Tanga kuna tembo la mnazi. Huku juu kuna pombe ya miwa, ambayo Wasambaa huiita boha, na gongo haina mpaka wa wilaya. Anayekunywa ana hoja yake tayari: milimani kuna baridi, na kazi ya shamba na ya kupasua mbao ni nzito. Hoja hiyo si mpya. Amepokea Abu Daud kwamba Daylam al-Himyari (R.A.) alimwendea Mtume (S.A.W.) akamweleza kuwa wao ni watu wa nchi ya baridi, wanafanya kazi ngumu, na hutengeneza kinywaji cha ngano ili wapate nguvu ya kazi na kuikabili baridi. Mtume (S.A.W.) hakumuuliza juu ya baridi wala juu ya kazi. Alimuuliza kama kinywaji hicho kinalevya. Alipojibiwa ndiyo, akaamuru kiepukwe. Daylam akasema watu hawatakiacha, na jibu likawa kali: wasipokiacha wapigwe vita. Mtu wa Lushoto au wa Bumbuli akiisoma hadithi hii atadhani imesemwa juu ya kijiji chake.

Lakini ukali huo ulielekezwa kwa watu wanaolishikilia jambo kwa pamoja na kukataa kuliacha. Kwa mtu mmoja aliyeshindwa na nafsi yake tunaona sura nyingine.

MADINA

Bukhari amepokea habari za Sahaba aliyeitwa Abdullah, aliyepewa lakabu ya Himar, ambaye alikuwa akimchekesha Mtume (S.A.W.). Mtu huyu aliletwa kwa kosa la kunywa, akapigwa. Akaletwa tena. Mtu mmoja katika waliohudhuria akamlaani kwa vile anavyoletwa mara kwa mara, na Mtume (S.A.W.) akamkataza kumlaani, akashuhudia kuwa mtu yule anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Katika riwaya ya Abu Huraira (R.A.) juu ya mlevi mwingine, walipomwombea hizaya waliambiwa wasimsaidie shetani dhidi ya ndugu yao. Yafaa tulitafakari jambo hili sisi tunaotoa majina ya watu katika mawaidha. Adhabu ilitekelezwa, na mlango wa msikiti haukufungwa.

Ipo pia hadithi ya kumuua mlevi akirejea mara ya nne. Wako vijana wanaoitoa vitabuni siku hizi bila ya kusoma yaliyoandikwa pembeni yake. Jamhuri ya wanazuoni wamesema imefutwa. Abu Daud mwenyewe amepokea kwa Qabisa bin Dhuaib kwamba aliletwa mtu mara ya nne, akapigwa tu, na kuuawa kukaondolewa.

Wakati wa Khalifa Umar (R.A.) unywaji uliongezeka katika miji mipya, na baada ya kushauriana na masahaba akafikisha viboko themanini. Wengi hukomea hapo wanapomsimulia Umar. Ibn Kathir, katika tafsiri ya mwanzo wa Suratu Ghafir, ametaja habari nyingine. Kulikuwa na mtu wa Sham mwenye nguvu aliyezoea kumtembelea Umar, kisha akapotea. Umar akauliza, akaambiwa kuwa amezama katika ulevi. Hakutuma askari. Alimwandikia barua yenye aya za mwanzo za sura hiyo, zinazomtaja Mola kuwa ni Mwenye kusamehe dhambi na Mkali wa kuadhibu, kisha akawataka waliokaa naye wamwombee dua. Yule bwana akawa anaisoma barua ile na kuirudia huku akilia, mpaka akaacha. Umar akawaambia wenzake wafanye hivyo hivyo kila wamwonapo ndugu yao ameteleza.

Abu Mihjan wa kabila la Thaqif naye kisa chake ni mashuhuri. Saad bin Abi Waqqas alikuwa amemfunga kwa ajili ya ulevi wakati wa vita vya Qadisiyya. Mke wa Saad akamfungulia kwa ahadi kuwa atarudi kwenye pingu zake, naye akapigana kisha akarudi kweli. Saad alipojua akaapa hatampiga tena, na Abu Mihjan akaapa hatakunywa tena. Viboko vya nyuma havikumwachisha. Alipopewa kazi na kuaminiwa, aliacha.

FATWA YA IBN HAJAR

Hapa ndipo penye kiini cha makala, na nawaomba wanafunzi wasome kwa utulivu.

Imam Ibn Hajar al-Haytami, aliyefariki Makka mwaka 974 Hijria (1567), ni nguzo ya madhehebu yetu ya Shafi. Tuhfa yake ndiyo marejeo ya masheikh wa pwani yote hii, na ndiye pia aliyeandika risala ya kuwatahadharisha watu na mirungi. Aliulizwa juu ya mtu aliyezoea kula afyuni na mfano wake hata akafikia hali ya kuwa asipoila ataangamia. Akajibu kuwa ikijulikana hivyo kwa yakini, basi inamhalalikia, bali inamwajibikia, kwa sababu ya dharura ya kuhifadhi roho, kama nyamafu kwa aliyeshikwa na njaa. Kisha akaweka sharti: ni wajibu kwake kuipunguza kidogo kidogo mpaka tumbo lake liiache bila kuhisi, na asipofanya hivyo ni mwenye dhambi na fasiki. Ibn Abidin, imamu wa Kihanafi wa Damascus, aliinukuu fatwa hii katika Hashiya yake karibu miaka mia tatu baadaye.

Tazama alichokiona Imam huyu katika karne ya 16. Aliona kuwa mazoea yanaweza kuufunga mwili hata kuacha ghafla kukawa ni hatari ya kifo. Alimfungulia mtu huyo mlango na papo hapo akamwekea njia ya kutoka, kwa kuwa ruhusa bila ya kupunguza ni ufasiki. Ulaya ilichelewa kulifikia jambo hili. Benjamin Rush wa Philadelphia aliandika mwaka 1784 kuwa ulevi wa kudumu ni maradhi, na neno “alkoholizimu” lenyewe lilitungwa na tabibu wa Sweden, Magnus Huss, mwaka 1849.

Je, pombe yaingia katika fatwa hii? Kwa khamri madhehebu yetu yana mkazo zaidi. Kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa haifai kuinywa kwa ajili ya tiba wala kiu, kwa hadithi ya Tariq bin Suwaid iliyo katika Muslim, kwamba hiyo si dawa bali ni ugonjwa. Lakini fuqahaa hao hao wamesema aliyekabwa na tonge koo likaziba, na hapana kingine cha kuishushia, basi ni wajibu aishushe kwa khamri. Kwa hiyo msingi wa kuokoa roho haukukataliwa.

Jambo la kushangaza ni kuwa aliyeacha afyuni ghafla huteseka sana, ila mara chache hufa kwa kuacha huko. Mlevi wa pombe wa miaka mingi ndiye mwenye hatari kubwa zaidi. Madaktari wanasema kutetemeka huanza saa chache baada ya funda la mwisho. Ndani ya siku mbili huweza kuja degedege. Baina ya siku ya pili na ya nne huweza kuja hali ya kuchanganyikiwa, homa na kuona visivyokuwepo, na wasiotibiwa katika hali hiyo wengine hufa. Watu wetu wakiyaona hayo husema amepandisha jini, na mgonjwa hupelekwa kusomewa badala ya hospitali. Kusomewa ni Sunna. Lakini mwenye degedege ahitaji daktari kwanza, na kisomo kimfuate huko wodini.

Leo tiba ya hali hiyo haihitaji tone la pombe. Hospitali hutumia dawa za jamii ya diazepamu, zikianza kwa kiwango cha kutosha kisha kupunguzwa siku baada ya siku, pamoja na vitamini B1, kwa sababu mlevi huwa hali chakula cha maana na ubongo wake hupungukiwa nayo. Huko kupunguza siku kwa siku ndiko alikokusudia Ibn Hajar. Na madamu dawa ya halali ipo, hoja ya dharura ya kunywa pombe imeanguka kwa mwenye kuipata. Imebaki wajibu wa kumfikisha kwenye dawa.

NCHI NYINGINE ZILIVYOJARIBU

Marekani ilijaribu sheria. Mwaka 1920 pombe ilipigwa marufuku nchi nzima, na mwaka 1933 marufuku ikafutwa baada ya magendo kushamiri. Miaka miwili baadaye, mwaka 1935, walevi wawili walikutana katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, mmoja dalali wa hisa na mwingine daktari wa upasuaji, wakagundua kuwa kila mmoja anaweza kujizuia anapomsaidia mwenzake. Kutoka hapo kikazaliwa chama cha Alcoholics Anonymous, ambacho leo kina vikundi katika nchi nyingi za dunia, hakitozi ada, na wanachama wake hawatajani majina hadharani. Misingi yake kumi na mbili inamtaja Mungu kwa namna ambayo kila mtu hujifasiria mwenyewe, na hilo si jepesi kwetu. Waislamu wa Baltimore waliliona, na mwaka 1989 wakaanzisha Millati Islami, wakaipanga misingi ile upya juu ya tauhidi, toba na sala.

Denmark ilijaribu kidonge. Mwaka 1948 watafiti wa Copenhagen walitangaza dawa ya disulfiramu, ambayo mwenye kuimeza akinywa pombe uso humwiva, moyo humwenda mbio na hutapika. Ni dawa inayosaidia kwa mtu mwenye nia na mwenye kusimamiwa na mkewe au ndugu. Asiye na nia huiacha kidonge mezani. Zimekuja nyingine baada yake, kama naltreksoni inayopunguza hamu.

Urusi ya Kisovieti iliwapeleka walevi kwa nguvu katika kambi za tiba na kazi, na mwaka 1985 Gorbachev akapunguza pombe madukani kwa amri. Vifo vilipungua kweli kwa miaka michache, na hilo halipaswi kufichwa. Kisha sukari ikaadimika kwa sababu watu walikuwa wakiipikia pombe majumbani, na kampeni ikafifia.

Saudi Arabia, pamoja na kuwa sheria yake inaadhibu, ilifungua hospitali za al-Amal katika miaka ya 1980 kwa ajili ya waraibu. Hapa fiqhi ya adhabu na fiqhi ya tiba zimekaa nchi moja bila ya moja kuifuta nyingine. Na Dkt. Malik Badri wa Sudan, mwanasaikolojia aliyefariki mwaka 2021, alikwisha andika kitabu juu ya Uislamu na ulevi mwaka 1976, akieleza kuwa jamii ya Madina iliacha pombe kwa sababu imani ilitangulia na watu waliacha pamoja, wakisaidiana. Mtu mmoja mmoja akiachwa peke yake baina ya wanywaji ni vigumu kusimama.

MILIMANI KWETU

Serikali za kikoloni zilishughulika na pombe kwa muda mrefu, lakini si kwa ajili ya kumtibu mtu. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia pombe kali kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika, na Waingereza walipoishika Tanganyika waliendelea kumkataza Mwafrika pombe kali mpaka katikati ya miaka ya 1950, huku Mzungu akinywa klabuni kwake. Hata taasisi ya utafiti ya Amani, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 juu ya kilima chetu, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia ilitengeneza kwinini kwa ajili ya malaria na maelfu ya chupa za wiski na pombe nyingine kali, mahali pamoja. Mkono uliokataza ndio huo huo ulioshika glasi. Baada ya uhuru ikaja sheria ya mwaka 1966 dhidi ya gongo isiyo na leseni, na tarehe 1 Machi 2017 serikali ikapiga marufuku pombe ya viroba. Hatua hii ya mwisho ilikuwa njema, maana kiroba kilikuwa kinaingia katika mfuko wa shati la mwanafunzi. Lakini sheria ya duka haimshughulikii aliyekwisha dhurika.

Aliyemshughulikia alikuwa mwingine. Upande wa Korogwe, juu mlimani, pana Lutindi. Mwaka 1896 wamisionari wa Kijerumani walijenga hapo makao ya watoto waliookolewa katika biashara ya utumwa. Kuanzia mwaka 1904 pakageuzwa kuwa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili, pa kwanza katika nchi hii, zaidi ya miaka ishirini kabla ya Mirembe ya Dodoma, iliyoanzishwa mwaka 1927. Waliofanya kazi hiyo walihusiana na Bethel ya Bielefeld, ambako mchungaji Bodelschwingh alikuwa amejenga makao ya wenye kifafa na, mwaka 1882, kijiji cha kazi kwa watu wasio na makao, wengi wao wakiwa walevi. Fikra yao ilikuwa kwamba mtu aliyevunjika hurudishiwa heshima kwa kazi ya mikono, ratiba na kuishi pamoja na watu. Lutindi wagonjwa hufanya kazi kwa kadiri ya uwezo wao, kwenye chai na katika karakana. Leo hospitali hiyo iko chini ya Kanisa la Kilutheri, hupokea wagonjwa wa dini zote, na miongoni mwao ni watu walioharibiwa na pombe na bangi.

Ndugu msomaji, tusione haya kulitaja. Kumpeleka Muislamu akatibiwe na asiye Muislamu inajuzu, maadamu ni tabibu mwaminifu na dini ya mgonjwa haiguswi. Linalouma ni jingine. Umma uliojenga maristani ya Nuruddin mjini Damascus mwaka 1154, na ile ya Qalawun mjini Cairo mwaka 1284, ambako mgonjwa aliyepona alipewa fedha za kutokea asilazimike kufanya kazi akiwa dhaifu, na gharama zote zikatoka katika wakfu, umma huo huku milimani una misikiti mingi, na haijulikani kitanda kimoja cha wakfu kwa ajili ya mraibu.

Pwani mambo yameanza. Malindi, mradi wa Omari ulianza katikati ya miaka ya 1990 kwa ajili ya vijana wa heroini. Zanzibar, kuanzia mwaka 2009, vijana waliopona wenyewe wakafungua nyumba za kuwapokea wenzao, kwa misingi ya vikundi vile vya Marekani, lakini adhana ikiadhiniwa na Ramadhani ikifungwa. Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011, na Kidongo Chekundu, Unguja, mwaka 2015. Methadoni ni ya heroini na haimfai mlevi wa pombe. Naitaja kwa sababu masheikh waliulizwa: vipi mtu atapewa dawa ya jamii ya afyuni? Aliyeisoma fatwa ya Ibn Hajar hakuhitaji kufikiri sana.

YANAYOMHUSU IMAMU

Mwezi wa Shaabani ukikaribia kwisha, huja watu kwa maimamu wakisema wameamua kuacha, na wanataka kuanza na Ramadhani. Nia hiyo ipokewe kwa furaha. Lakini imamu aulize: unakunywa kila siku? Asubuhi mikono yatetemeka? Umewahi kupata degedege ulipoikosa? Akijibiwa ndiyo, asimwambie aache usiku huo nyumbani kisha afunge. Ampeleke hospitali ya wilaya, au Bombo, kabla ya mwezi kuandama. Mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine kwa nassi ya Qurani, na huyu ni mgonjwa kwa ushahidi wa daktari, ijapokuwa aliingia katika ugonjwa kwa mlango wa maasi na lazima atubie kwa hilo.

Liko pia suala la siku arubaini. Imeenea kwa watu wetu kuwa aliyekunywa haswali siku arubaini kwa vile sala yake haikubaliwi. Wengi wameacha msikiti kwa fahamu hii, na pombe ikawajaza nafasi. Maulamaa wameeleza kuwa anayekosa ni thawabu. Faradhi iko palepale, akiswali imemtoka, na akiacha ameongeza dhambi kubwa juu ya kubwa. Akilewa asiikaribie sala mpaka ajue asemayo. Akilevuka, safu yake inamngoja.

Limebaki suala la zaka, ambalo huulizwa kila penye gharama za matibabu. Mlevi fakiri ni fakiri, na uasi wake haumtoi katika asnafu. Ila Imam Nawawi alipoulizwa juu ya anayeacha sala kwa uvivu alipambanua, na upambanuzi wake unafaa hapa. Aliyebaleghe akiwa katika hali hiyo na akaendelea nayo ni safihi, hakabidhiwi mkononi, bali walii wake ndiye anayempokelea. Aliyebaleghe akiwa mwema, kisha akaharibika ukubwani, na hakimu hakumzuia mali yake, yajuzu kumpa na kupokea kwake ni sahihi. Huyu wa pili ndiye baba wa familia tunayemwona kila siku. Kwa kuwa fedha taslimu mkononi mwake zina njia wanayoijua watoto wake, kamati ya msikiti imwombe idhini amuwakilishe mtu apokee kwa niaba yake na kulipa hospitali, apate risiti kwa jina la mgonjwa. Akikataa kuwakilisha, asilazimishwe, na zaka ipelekwe kwa mkewe na wanawe ikiwa ni mafakiri na hawapati matumizi kwake, maana nao wana haki yao wenyewe.

Wallahu aalam.